Mita Moja na Nusu

Machi haijui inataka nini.
Asubuhi theluji imeikalia milima kama mgeni asiyeaga,
mchana jua linanivua koti,
jioni nalivaa tena, na skafu juu yake.
Mkononi nimefunga uzi mwekundu na mweupe,
kama tufanyavyo hapa Troyan kila tarehe mosi,
nangoja korongo apite au mplamu uchanue,
chochote kitakachotangulia.

Kwenye dirisha la jikoni miche ya nyanya
imesimama ndani ya vikopo vya mtindi, thelathini na minne,
yote imeegemea kioo kama watoto waliokatazwa kutoka.
Kila asubuhi navigeuza vikopo.
Kila jioni miche imeshapinda upande ule ule.

Nyanya ni za Tsvyatko. Maua ni yangu.
Ndivyo tulivyogawana bustani mwaka tuliooana,
ikabaki mita moja na nusu, kati ya kisima na banda la kuku,
isiyo na mwenyewe.
Miaka arobaini na moja tumeigombania
kwa kijembe cha mkono na vijembe vya mdomo.
"Peoni hailiwi," alikuwa akisema.
"Na kitunguu, nani aliwahi kumpelekea mgonjwa?"
Mwaka huu anashinda yeye, mwaka ule nashinda mimi.
Vuli iliyopita alishinda: kitunguu saumu, mistari sita,
imenyooka kama hesabu za mwalimu.

Kisha Desemba, kiharusi.
Kimemwachia maneno mawili, "ndiyo" na "maji".
Maji ni chai. Maji ni mto wa kichwa, ni redio,
ni mjukuu wetu Raya akipiga simu,
na siku nyingine, usiku wa manane, ni machozi tu.

Leo nimemtoa nje,
magurudumu ya kiti nimeyawekea ubao yasizame.
Kofia. Blanketi. Blanketi la pili.
Nikaanza kuipalilia saumu yake,
kwa upendo kiasi, na kwa hila kiasi:
nilikwisha kupima kwa macho wapi nitachomeka peoni
sasa kwa kuwa hawezi kunifokea.

Kati ya mstari wa tatu na wa nne udongo umepasuka.
Chipukizi nene, lenye ncha nyekundu,
limejikunja kama ulimi unaotafuta neno.
Si saumu. Nimelishika niling'oe,
nikaona la pili. La tatu.
Shibiri, halafu shibiri, halafu shibiri.
Namjua mtu mmoja tu duniani anayepanda kwa shibiri.

Tulipu. Kumi na tisa.

Basi ni ile Oktoba, nilipokwenda Lovech kwa dada yangu Ginka
kumsaidia kushindilia kabichi kwenye mapipa.
Yeye, bwana "hailiwi", akapiga magoti hapa,
akafukia maua chini ya saumu,
akanawa mikono, akanyamaza.
Niliporudi aliniuliza habari za kabichi.

Nimegeuka, tope hadi viwikoni.
"Tsvyatko! Nani kapanda hizi?"
Akatazama kuku. Akatazama kisima.
Pembe moja ya mdomo, ile inayomtii bado, ikapanda.
"Maji," akasema.

Sijui kama lilikuwa jibu, au ombi,
au amri tu ya mkulima kwa mtu aliyesimama bure.
Nikajaza ndoo.

Usiku redio imetangaza jalidi.
Nimetoka na tochi na shuka kuukuu,
nimeifunika mita moja na nusu yote, nikakandamiza pembe kwa matofali.
Saumu haiogopi jalidi, najua. Wala tulipu.
Nimefunika tu.
Korongo bado hajapita.