Mashine Inayopumua

Duka la Ivalo lina rafu nzima ya kuulia wadudu.
Kijana Eetu, chunusi kidevuni, beji imekwenda upande,
anazishusha moja moja juu ya kaunta
kama anayewapangia wageni sahani.

"Hii, mama, ni volti elfu nne.
Taa ya zambarau, nyavu za waya ndani,
trei huku chini ya kumwagia maiti.
Inatosha baraza na nusu ya bustani.
Hii nyingine haipitishi maji,
ina kitanzi cha kuning'inizia, brashi yake bure.
Na hii ndogo ya mezani unaichaji kama simu,
ila kwa mbu wa huku kwetu, sikufichi,
ni mchezo wa watoto."

Nikamuuliza: taa huwaita gizani, sivyo?
"Gizani, mama."
Na leo jua linatua saa ngapi?

Akatazama dirishani.
Saa tatu kasoro dakika kumi za usiku,
na jua limekaa juu ya maegesho
kama mgeni asiyejua kuaga.
"Mwishoni mwa mwezi wa saba," akasema,
akacheka, masikio yakawa mekundu.

Tena mbu hafuati taa.
Hilo alinifundisha Tauno, aliyezaliwa humu mabwawani.
Nondo ndio wajinga wa taa,
wanaojichoma kwa kupenda rangi.
Mbu hana mahaba na rangi.
Mbu hufuata pumzi.

Miaka thelathini na tisa tulikaa barazani,
yeye kiti cha kulia, mimi cha kushoto,
mbu wakatugawana.
Hapana, niseme kweli: wengi walikwenda kwake.
Alipumua kama mvukuto,
hata akiwa macho, hata akiparua samaki.
Nikawa namwambia, una damu tamu wewe,
naye anajipiga kofi shingoni, anaendelea na magamba.

Kiangazi hiki wote ni wangu.
Kifundo cha mguu wa kushoto, vipele kumi na kimoja.
Nyuma ya sikio sihesabu.

Eetu akainama. Akavuta boksi lenye vumbi
kutoka chini kabisa, halina hata kibandiko cha bei.
"Hii haina taa," akasema polepole,
kama anayetoa siri ya duka.
"Ina mtungi. Inachoma gesi kidogo kidogo,
inatoa hewa ileile tuitoayo sisi, na joto lake.
Mbu wanadhani ni mtu."

Wanadhani ni mtu?

"Mtu mkubwa mkubwa hivi," akasema. "Aliyelala."

Yuro mia nne na ishirini, mtungi mbali.
Sikuuliza dhamana. Risiti sijui nimeiweka wapi.

Karatasi ya maelekezo inasema:
iwekwe mbali na watu, hatua kumi na tano,
upande unakotokea upepo.
Nimeisoma yote, nimeikunja mara nne,
nimeitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.
Mashine nimeiweka kwenye kiti cha kulia.

Raija kapiga simu kutoka Oulu.
"Mama, utawaleta wote hapohapo ulipo!"
Nikamwambia najua.
Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Saa sita ya usiku, kweupe.
Misonobari ina vivuli virefu vya njano,
ziwa halina hata mkunjo.
Mashine inavuma chini chini, fff, fff,
na wingu lote la mbu limegeuka kwake,
isipokuwa wawili watatu
ambao kwa sababu zao wamenichagua mimi.

Kahawa nimemimina vikombe viwili.
Cha pili nimekiona kimeshajaa.

Una damu tamu wewe, naiambia.
Haijibu.
Hata Tauno hakuwa akijibu.