Njiti

Mwezi wa sita. Mvua imeondoka bila kuaga
kama mpangaji mwenye deni la miezi mitatu,
ikatuachia nyumba tuikague wenyewe.

Ngazi ni ya Paluku. Anaitaka kabla ya saa kumi.
Amenikodisha kwa franga elfu tatu na onyo:
kipago cha nne kina ufa, usikiamini.
Napanda, kitenge nimekifunga katikati ya mapaja.
Majirani wanatazama. Watazame.
Fundi alitaka dola ishirini kwa kupanda tu,
kabla hajagusa msumari.

Huku juu manjanja yanaunguza magoti,
na mlima uko karibu kuliko unavyoonekana uani.
Unatoa moshi wake mweupe
kwa utulivu wa mtu aliyekula akashiba.
Majivu yake yalishuka na mvua tangu mwezi wa tatu,
maji makali, yanayotafuna bati
mpaka la mwaka juzi linafanana na la enzi za Wabelgiji.

Chini, ndani ya giza, Kanyere ana njiti za ufagio.
Kazi yake: akiona mwanga, achomeke.
Kazi yangu: nikiona njiti, nizibe.
Nina mbabula wa makaa, kisu,
na vipande vya beseni la kijani lililopasuka Pasaka.
Plastiki ikiyeyuka hudondoka polepole,
harufu yake inakaa kwenye meno.

"Moja, mama!"
Penye msumari uliolegea. Naziba.
"Ya pili!"
Kutu. Naikwaruza, inabomoka kama ukoko,
tundu la njiti linakuwa tundu la kidole. Naziba.
"Ya tatu, juu ya redio!"
Ya nne. Ya tano na ya sita zimekaa pamoja
kama macho ya mbuzi.

Kisha njiti inachomoza mahali nisipopategemea,
katikati ya bati,
mbali na msumari, mbali na kutu.
Tundu la duara. Kingo zake zimeinama kwenda ndani,
laini,
kama mdomo wa mtu anayepoza chai.

Kutu haili hivi.
Kutu hula kama panya, inaondoka, inarudi.
Hiki kilipita mara moja.

Nahesabu mapao toka ukutani. Moja. Mbili. Tatu.
Chini ya hapa ni kitanda chake.

Usiku wa milio, mwezi wa kwanza, Kanyere alikojoa.
Nilimkaripia: miaka tisa, huoni haya?
Nikamvua nguo kwa hasira, nikamlaza ubavuni mwangu,
godoro lake nikalisimamisha ukutani likauke.
Asubuhi sementi ilikuwa na kovu jipya.
Nikadhani ni sufuria iliyoanguka.
Mvua ilipoanza tukaweka beseni palepale,
hilihili la kijani,
na usiku kucha likahesabu matone,
nasi tukausingizia mlima.

"Mama? Umeiona?"
Njiti inacheza, inanitekenya kiganja.
"Nimeiona."
"Ni kubwa?"
"Ya kawaida. Kutu."
"Mlima huu!" anasema, kwa sauti niliyomfundisha mimi.
"Ndiyo. Mlima huu."

Nadondosha kijani. Tone. Tone lingine.
Nadondosha kupita kiasi, mpaka inavimba
kama jipu juu ya bati, na mkono bado hautaki kuacha.

"Mama, njiti yangu imenasa!"
"Iache hapo."
"Itabaki inaning'inia juu ya kichwa changu."
"Iache, Kanyere. Chukua nyingine."

Paluku anapiga mluzi barabarani, chukudu yake tupu,
anaonyesha kiganja kama vile kina saa.
Namwambia ngoja.
Bado mabati manane.