Mizani ya Kamalondo

Mwilambwe hupima vyuma chakavu
nyuma ya karakana ya baiskeli.
Leo kaletewa msalaba wa shaba,
mikono minne sawa, kutu ya kijani kwapani.
"Kilo moja kasoro," asema.

Kasoro!
Msalaba huu ulioa mke.
Huu ulilipa damu ya mtu.
Wafalme walioutoza walivuka Lualaba usiku,
shoka kiunoni, farasi hawakuwa nao,
miguu tu, na ngoma iliyotanguliwa na hofu.
Kijiji kilichoinama kilipewa moto wa jiko la mfalme;
kisichoinama kilipewa moto.

Kisha kigoda kikawa kimoja, na makalio mengi.
Kaka akamzika kaka, mpwa akamfukua.
Wenye bunduki hawakuvunja mlango.
Waliukuta wazi, kuku wakidonoa barazani.

Ng'ambo ya reli, mlima wa mavi ya shaba
umekaa mweusi, kama mfalme
ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mama Numbi ahesabu faranga za karo, mara mbili.
Aomba aushike tena, kidogo tu.
Mwilambwe ageuza uso.
Mshale wa mizani warudi sifuri, ukitetemeka.