Ubapa wa Kumi na Saba

Mwakio ameuleta toka Kipevu
umefungwa kwa gazeti kama mkate wa mofa,
ubapa wa mtambo, aloi ya nikeli,
umevunjika karibu na shina.
"Huu ulikuwa bora," asema. "Cheti ninacho.
Ulivutwa ukagoma kukatika.
Basi imekuwaje?"

Mejumaa hajibu. Akata kipande,
akisugua kwa msasa laini, kisha laini zaidi,
hata auone uso wake ndani.
Tone la asidi. Hadubini.
"Njoo utazame," aniambia.

Chembe. Ndogo, zimebanana
kama nyumba za Kuze, ukuta kwa ukuta,
vichochoro visivyopishanisha mikokoteni.
Mji kama huu mwizi hafiki mbali:
kila kona yamgeuza, kila ukuta wamchosha.
Ufa nao ni mwizi.
Cheti hakikusema uongo.

Ila kiliandikwa kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Wakumbuka Februari, umeme ukikatika?
Kuze nzima hulala nje,
mikeka vichochoroni, milango wazi,
hakuna aliye kwake.
Ndivyo ilivyokuwa humu, nyuzijoto mia nane,
usiku na mchana:
mipaka ikalegea, jirani akamteleza jirani,
chuma kikatambaa
leo unywele, mwezi ujao unywele,
vitundu vikajipanga mipakani kama shanga,
haba na haba, hata kibaba kikatoboka.

"Basi niagize chembe kubwa?"
Kubwa, naam, kama viwanja vya Nyali:
ua mmoja, geti moja,
vichochoro vichache vya kuteleza.
Lakini huko mwizi akishaingia
ana barabara nzima, imenyooka.
Kwa ubapa, sawa.
Kwa gurudumu linaloubeba, ngoja kwanza:
kitovuni, penye nafuu ya joto na mvuto mkali, mtama;
ukingoni, jirani na moto, mahindi.
"Kipande kimoja?"
Kipande kimoja.

Mwakio akuna kidevu.

Fomu ina visanduku viwili tu,
BORA na SI BORA.
Nje, malori ya Shimanzi yanapigiana honi.
Mejumaa aishika kalamu muda mrefu,
kisha katikati ya visanduku aandika:
Wapi?

Mwakio aikunja fomu, haisomi,
auliza kama asidi hutoka kwenye shati.