Mkunjo

Plico, plicas, plicat.
Mjomba Apolinari huhesabu hivyo, si moja mbili tatu,
hema zikiwa zimetandazwa sakafuni, stoo ya Pasua,
bado zina matope ya Machame na harufu ya supu ya maboga.
Seminari ilimfukuza mwaka wa tatu.
Sababu hasemi. Kilatini hakukirudisha.

"Plicare, kukunja," anasema, goti juu ya turubai,
akikamua hewa. "Shika huko. Vuta. Na usinikunjie uso."

Waitaliano, anasema, walibaki nacho karibu kilivyokuwa:
piegare, kukunja shuka, kukunja goti.
Wafaransa wakakipasua, plier, ployer,
kimoja cha karatasi, kingine cha tawi linaloinama.
Lakini Mhispania (hapo husimama, hujifuta mikono)
Mhispania alikunja tanga bandarini, akasema llegar:
nimefika.
Na Mromania, mbali na maji, alikunja hema alfajiri,
akasema a pleca:
naondoka.

"Kitenzi kimoja, mpwa wangu. Tumbo moja."
"Nani alikosea?"
"Shika kona yako."

Sisi, namwambia, tuna kunja na kunjua,
irabu moja tu ya ziada na shuka limefunguka.
Ananitazama kama niliyekohoa kanisani.

Desemba, nyumba yetu ya Kirua ilijaa
Dar, Mwanza, Tunduma, watoto wasiojua Kichagga.
Mama alitoa mablanketi sandukuni, yananuka dawa ya nondo,
mikunjo imesimama kama mistari ya daftari.
Tarehe mbili Januari magari yakateremka moja moja,
mikungu ya ndizi juu, vumbi nyuma,
naye akayakunja yale yale,
mara nne, kwa mistari ile ile.

Moja lilibaki kitandani, la kaka Ndekirwa,
aliyesema yuko njiani tangu Krismasi ya mwaka juzi.
Halikulaliwa.
Mama alilikunjua, akalikung'uta mlangoni,
akalitazama kwenye mwanga kana kwamba lina tobo,
kisha akaninyooshea upande mmoja.

Nilikuwa na habari ya kumpa,
ya Mhispania na Mromania.

Nikashika kona yangu.