Majina ya Kuingilia

Karatasi ya Mwalimu Peter ina maswali kumi na mawili.
La kwanza: Taja aina ya mwamba.
La tano: Eleza matumizi mawili ya pango
kwa jamii inayoishi karibu.
Jamii inayoishi karibu.
Nililisoma mara mbili basi likivuka Sabaki,
maji chini mekundu, mazito,
kisha nikaikunja karatasi nikaikalia.

Kwa nyanya ni mwendo wa nusu saa kutoka pale.
Sikumwambia mtu. Kidato cha Pili mimi ni Brenda,
Brenda wa mtaa wa Ngala, Malindi mjini,
na Kigiriama kwangu ni lugha ya nyuma ya mlango,
ya kuulizwa umekula, umeoga,
mbona umekonda.

Aliyetupokea hakuwa mzee.
Nyevu, labda miaka ishirini na minne,
fulana ya mpira iliyofifia, leso kiunoni,
kando yake meza ya maji ya chupa na salio la simu.
Vueni viatu, akasema.
Zaituni akauliza: Na nyoka je?
Nyoka alishavua zamani.
Tukacheka, kila mtu akitazama miguu yake.

Kisha akatusalimu: Mwalamukadze?

Wanafunzi thelathini na wanane, kimya.
Mwalimu akakohoa.
Jibu nilikuwa nalo, mdomoni, kama muhogo wa moto:
kuutema aibu, kuumeza kuungua.
Nikaumeza.

Ndani, baridi inaanzia kwenye nyayo.
Mavi ya popo yana harufu inayokaa kooni
hata ukifunga pua.
Tone linadondoka mahali fulani, linasita,
unalisubiri, halidondoki,
ukisahau, hilo.
Famau akatoa bikari aandike jina lake ukutani.
Nyevu akamshika mkono, si kwa ukali.
Waliojificha humu hawakuandika, alisema.
Kulikuwa na mama na mtoto mchanga,
siku tisa, na wenye minyororo wanapita hapo juu,
akimnyonyesha mtoto asilie,
akimnyonyesha hata maziwa yalipokwisha.

Sasa zimeni tochi.

Sikujua giza lina uzito.
Semeni majina, sauti ya Nyevu ikatoka popote,
yale mliyopewa na nyanya zenu.
Pango lijue wangapi wameingia
lirudishe wangapi.
Yakaanza kutoka, moja moja, mengine kwa kicheko,
mengine sijawahi kuyasikia tangu Kidato cha Kwanza.
Mwalimu Peter akasema: Mutuku.
Akanyamaza. Akaongeza, polepole:
Nilizaliwa usiku.
Hakuna aliyecheka.

Mbeyu, nikasema.

Mbeyu wa kwa nani?
Aliniuliza kwa lugha ya nyuma ya mlango,
na gizani mlango hauonekani,
nikajibu kwa hiyohiyo, ukoo, mji, jina la nyanya,
sauti yangu nene, si ya Brenda.
Zaituni aliyekuwa amenishika kiwiko
akaniachia, akanishika tena.

Nje, mwanga ukatuchoma macho.
Nilikuwa nafunga kamba za viatu Nyevu aliponiinamia.
Nyanya yako ananunua salio kwangu kila Jumamosi.
La shilingi ishirini.
Namba hampigii mwingine, ni ileile ya mjini,
mimi ndiye humbonyezea.
Inaita, inaita.
Husema labda wako shambani.

Mjini hatuna shamba.
Tuna simu ukutani kwenye chaja, na mama husema,
usishike, ni nyanya yako, ataomba pesa.

Tulikula mchunga na sima kwenye majani ya mgomba,
Famau akasema ni chungu akaongeza mara mbili.
Basi likawaka.
Nikaitoa karatasi chini yangu, imelowa jasho.
Swali la tano. Matumizi ya kwanza: kujificha.
La pili niliwaza hadi Sabaki, hadi mjini, hadi getini.
Nikaikabidhi hivyo.
Mwalimu aliirudisha na alama moja kati ya mbili,
na kwa kalamu nyekundu, pembeni, herufi ndogo sana:
Malizia, Mbeyu.