Mashine Mbili, Kadutu

Ya kwanza huhesabu. Kufumba na kufumbua, matawi milioni,
kila kete na bei yake, kama Mama Nabintu
anavyopanga nyanya: hii mia mbili, hii imeoza.
Farasi wangu akiteleza, imeshauona msiba
hatua ishirini mbele.

Ya pili haikufunzwa na mtu.
Ilicheza na nafsi yake usiku kucha, ikajifunza kwa kushindwa.
Hutoa malkia bure, nami nacheka,
kisha sicheki.

Jana niliziweka uso kwa uso mezani kwa fundi Cirhuza.
Hatua ya arobaini, umeme ukakatika Bukavu nzima.

Gizani tukabaki na ubao wangu ulioungua pembe.
Cirhuza akapapasa kitunda,
akakisogeza.

"Kwa nini hicho?"

"Kilikuwa karibu na mkono."